Kizimba cha Cherero: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Cherero ni wale kasuku wadogo wenye mkia mfupi na mdomo mnene ambao mjini wengi huwaita lavubedi. Wapo wa aina tisa, na ukimtoa yule wa Madagaska, wote ni wa bara la Afrika. Wawili wanaofugwa sana wana asili ya Tanzania: cherero wa Fischer, mwenye uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, anayeishi Serengeti na kusini ya Ziwa Victoria, na cherero kichwa-cheusi mwenye shingo ya manjano, wa katikati ya nchi. Wa tatu anayefugwa sana ni uso-waridi, ambaye kwao ni Namibia na nchi za jirani.

Nimewafuga kwa miaka mingi, na vizimba vyao huvichora mwenyewe kisha nikampelekea fundi. Karibu kila anayeniuliza huwa ameshanunua ndege, wako kwenye boksi, ndiyo anatafuta pa kuwaweka. Natamani ingekuwa kinyume chake. Ndiyo sababu nimeyakusanya maswali haya.

Kizimba cha cherero wawili kiwe na ukubwa gani?

Urefu sentimita 90, kina 50, kimo 60. Hicho ndicho ninachoagiza kwa jozi moja. Nafasi ikiwa finyu sana nyumbani, sishuki chini ya 80 kwa 50 kwa 50. Ninaposema urefu nina maana ya kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sababu huko ndiko wanakoruka. Cherero hapai wima. Huruka mstari mmoja kwa kasi, anageuka, anarudi. Kizimba chembamba kilichokwenda juu kama mnara hupendeza sebuleni, lakini nusu yake ndege haitumii.

Mara ya kwanza nilipompa fundi vipimo hivi alisita. "Mzee, ndege wenyewe si wanaenea kwenye kiganja? Karibu mita nzima ya nini?" Sikubishana naye. Nilimwomba apite nyumbani jioni awatazame. Alikaa barazani kama robo saa. Dume alikuwa akiruka kutoka kijiti cha huku hadi cha kule, anagusa tu, anageuka, anarudi, anagusa, anageuka. Fundi akachukua futi yake, akapima ukuta, akasema, "Basi tuifanye mita na kumi."

Vizimba vya duara sivitaki. Havina pembe ambayo ndege anaweza kujibanza akiogopa, na pale juu waya zinapokusanyika pamoja huwa mtego wa kidole.

Nafasi kati ya waya na waya iwe kiasi gani?

Sentimita 1.2 hadi 1.5. Ikizidi hapo kichwa kinapita, na ndege aliyenasa kichwa hujivuta kwa hofu mpaka akaumia au akafa. Nusu inchi ya dukani, yaani kama sentimita 1.27, inafaa kabisa.

Angalau pande mbili waya zilale, zisisimame. Cherero hupanda kwa miguu na mdomo pamoja, kama mkwezi kwenye mnazi uliochongwa vidato. Waya zikiwa zimesimama tu, anateleza.

Waya wa kuku, ule wa macho ya pembe sita, usiutumie hata kama ni bei nafuu. Macho yake ni makubwa, unabonyea, na panya au paka anapitisha mkono.

Wavu mpya wa kung'aa wa dukani ni salama?

Hapa naomba usome taratibu.

Wavu mwingi wa hardware umepakwa zinki ili usishike kutu. Zinki hiyo ni sumu kwa ndege. Kuku haimsumbui sana kwa kuwa hapandi wavu kwa mdomo. Cherero hupanda, hulamba na kutafuna kila kitu kutwa nzima, na zinki humwingia kidogo kidogo hadi ini na figo zinaharibika.

Kizimba changu cha kwanza nilikitengeneza kwa wavu wa namna hiyo. Ulikuwa mpya, unang'aa, na kwenye maungio kulikuwa na vijidonge vidogo vilivyoganda kama nta iliyochuruzika kwenye mshumaa. Niliviona, nikadhani ni urembo wa kiwandani. Wiki ya tatu jike aliacha kupanda. Alikaa chini kwenye pembe, manyoya yamemtimka, anakunywa maji kila dakika chache, na kinyesi chake kilikuwa maji ya kijani. Nilipompeleka kwa daktari wa mifugo, swali lake la kwanza lilikuwa, "Wavu umeununua lini?" Hakumaliza siku mbili. Vile vijidonge niliviangalia tena baadaye: kimoja kwa kimoja vilikuwa vimebanduliwa, pale pale alipopenda kung'ang'ania asubuhi.

Chaguo bora ni chuma kisichoshika kutu, kile mafundi wanakiita stenlesi. Ni ghali, lakini kinadumu kuliko ndege wenyewe. Kinachofuata ni kizimba cha kiwandani kilichopakwa rangi ya unga na kuokwa, mradi rangi isiwe inabanduka. Kama uwezo wako ni wavu wa zinki tu, usugue wote kwa brashi ngumu na siki, ndani na nje, mpaka unga mweupe uishe na vijidonge vyote viondoke. Suuza, kisha uache nje upigwe na jua na mvua kwa wiki kadhaa hadi mng'ao upotee. Hatari inapungua, haiishi. Na usimruhusu fundi aunge kwa risasi: risasi ni sumu mbaya kuliko zinki.

Fremu ya mbao inafaa?

Inafaa ikiwa mbao ziko nje na wavu umepigiliwa kwa ndani. Ukifanya kinyume, watazitafuna. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa au rangi ya zamani usizitumie kabisa.

Nikiweke wapi ndani ya nyumba?

Anza kwa kufikiria hewa, mengine baadaye. Ndege ana vifuko vya hewa mwilini vinavyomfanya avute hewa kwa ufanisi kuliko sisi, na sumu iliyomo hewani nayo inamwingia kwa ufanisi huo huo. Kwa hiyo si jikoni, na si karibu na jikoni. Kikaango cha nonstiki kikisahauliwa kwenye moto mkali hutoa mvuke usioonekana ambao huua ndege kwa dakika chache, hata chumba cha pili. Moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa ni vivyo hivyo.

Kuna mambo ya kwetu ambayo maelezo ya kwenye maboksi ya vizimba hayayataji. Udi na ubani: nyumba nyingi za Pwani hufukizwa jioni, hasa Alhamisi, na mimi mwenyewe napenda. Siku hiyo nahamishia kizimba baraza la nyuma mpaka harufu ipungue. Dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya kuzunguka kama konokono, isiwashwe chumba walicholala. Dawa ya kupuliza vilevile. Wawekee chandarua juu ya kizimba. Kitawakinga na mbu, ambao huwaambukiza ndege ndui, na wewe hutahitaji kuwasha kitu.

Upande mmoja wa kizimba uwe karibu na ukuta bila kuugusa, ili wawe na mgongo salama. Kimo kiwe usawa wa kifua chako au macho. Jua la asubuhi ni zuri, lakini lazima nusu ya kizimba iwe kivulini, na ifikapo saa nne jua la Dar au Mombasa lisiwafikie moja kwa moja. Cherero aliyezidiwa na joto hutanua mabawa kidogo kutoka ubavuni na kuhema mdomo wazi. Ukimwona hivyo, msogeze kivulini na umpe maji mara moja.

Ukiwatoa barazani, usiondoke. Kunguru wa mjini wana akili na wana subira, na wanajua kuvuta mguu wa ndege kupitia kwenye waya.

Vijiti vya kutua viwe vya aina gani?

Toa vile vijiti vya plastiki vilivyokuja na kizimba. Vyote ni laini, vyote unene mmoja. Ndege akisimamia unene ule ule mchana na usiku, uzito wake unakandamiza sehemu moja ya unyayo, ngozi inakuwa nyembamba na kung'aa, mwisho inafanya vidonda. Tawi la kweli lina pahali pembamba, pahali panene, na kifundo. Mguu unafanya kazi kila anaposogea.

Mimi hutumia mpera zaidi ya kitu chochote. Ni mgumu, gome lake linabanduka vizuri na wanalipenda. Mkaratusi, mforosadi na mvinje nazo nimezitumia bila tatizo. Kata matawi yenye unene wa sentimita 1 hadi 2, kwenye mti usiopuliziwa dawa. Yasugue kwa maji ya moto, yakaushe juani siku kadhaa. Yasikazwe kwa misumari. Toboa ncha, tia skrubu yenye washa, kile kipete bapa cha chuma, ukaze kutoka nje ya wavu.

Mparachichi usiuguse. Tunda, majani na gome lake vyote vina sumu kwa ndege. Mnyaa wa uani nao una utomvu unaochoma. Ukiwa hujui jina la mti, uache.

Vijiti vitatu au vinne vinatosha kizimba cha sentimita 90. Viwili viwe kwenye ncha mbili, kimoja juu zaidi kuliko vyote, maana hapo ndipo watakapolala. Katikati pabaki wazi pa kurukia. Nimeona vizimba vilivyojazwa vijiti hadi ndege anatembea tu kama yuko kwenye ngazi. Usiweke kijiti juu ya chombo cha chakula au maji. Utajua sababu kesho yake asubuhi. Na ule mfuko wa msasa wa kuvika kijiti ili kupunguza makucha, mwachie muuzaji. Unachubua nyayo, makucha yanabaki vilevile.

Vitu vya kuchezea ni vya lazima?

Ndiyo, kama chakula. Porini cherero yuko kwenye kundi, anatafuta mbegu, anachungulia mashimo ya miti, anabishana na jirani. Kizimbani kazi hiyo yote imeondolewa. Asipopewa cha kutafuna atatafuna manyoya yake au ya mwenzake.

Sinunui vingi. Magunzi ya mahindi yaliyokauka wanayachambua kwa saa nzima. Vipande vya kifuu vilivyosuguliwa nyuzi, nikavitoboa na kuvitundika, huwa bembea. Ukili mbichi usiotiwa rangi, kipande cha kama sentimita 30 kilichosukwa, wanaufumua utepe baada ya utepe. Boksi tupu lisilo na wino mwingi wala gundi. Badilisha kila wiki. Kitu kile kile wakikiona mwezi mzima hawakitazami tena.

Vya kuogopa ni kamba za pamba zenye nyuzi zilizofumuka, maana uzi mmoja ukizunguka kidole damu inakatika na kidole kinakufa. Pia kengele zenye ulimi mdogo wa risasi, na minyororo yenye pete ambazo kidole kinaingia lakini hakitoki.

Kioo siweki. Ndege aliye peke yake hukishikilia, akakilisha, akakilinda, akawa mkali kwa kila mtu.

Jike anachana karatasi vipande virefu na kuvichomeka kwenye manyoya ya kiunoni. Anaumwa?

Haumwi, na kama anafanya hivyo basi wako ni uso-waridi. Jike wa aina hiyo hukata vipande virefu vilivyo sawa, utadhani ametumia mkasi, akavichomeka kwenye manyoya ya mgongo wa chini na kuruka navyo hadi kwenye kiota. Cherero wa Fischer hafanyi hivyo. Yeye hubeba kwa mdomo.

Mtafiti wa Marekani, William Dilger, aliwahi kuzalisha machotara wa aina hizi mbili na mwaka 1962 akaeleza alichokiona. Chotara alijaribu kuchomeka, kipande kikaanguka. Akajaribu tena, kikaanguka. Ilichukua muda mrefu sana kabla hawajazoea kubeba kwa mdomo, na hata hapo bado waligeuza kichwa nyuma kana kwamba wanataka kuchomeka. Kila nikimwona jike akichana gazeti la chini namkumbuka ndege yule aliyerithi nusu ya ufundi wa mama na nusu ya baba.

Kwa upande wa kizimba, maana yake ni kwamba mpe karatasi safi achane. Ila ona jibu linalofuata.

Niwawekee sanduku la kutagia ili wawe na pa kulala?

Usiweke, kama huna nia ya kuzalisha. Wengi hudhani sanduku ni kitanda. Cherero hahitaji kulala ndani kama ana kijiti kizuri juu, lakini akiona shimo la giza mwili wa jike huamka: anaanza kulinda, kuuma, kutaga. Hutaga tena na tena, madini ya chokaa yanamwishia, na siku moja yai linakwama. Yai lililokwama linaweza kumuua jike kwa muda mfupi. Vibanda vidogo vya kitambaa na vifuu vilivyo wazi upande mmoja huleta hali hiyo hiyo.

Ukiamua kuzalisha, na jike ametimiza mwaka mmoja, sanduku la mbao la sentimita 20 kwa 20 na kimo cha 25 linatosha, tundu la kuingilia sentimita 5, likitundikwa juu kwa nje ili uweze kulifungua bila kuwasumbua. Mayai kwa kawaida ni 4 hadi 6, hulaliwa siku kama 23, na makinda hutoka sandukuni baada ya wiki sita hivi. Vifaranga wakishajitegemea, ondoa sanduku, jike apumzike. Usisubiri atage tena.

Vyombo vya chakula na maji?

Vya stenlesi au vya udongo uliotiwa gilasi. Plastiki huchunika na uchafu hujificha kwenye mikwaruzo. Weka vyombo viwili vya chakula kwa jozi, mbali kidogo, kwa sababu mmoja wao siku zote ni mbabe. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni. Cherero wanakunywa sana. Hata porini hawakai mbali na maji.

Ongeza bakuli pana la kuogea, kina cha sentimita 2 au 3, asubuhi tu, kisha litoe.

Pembeni tundika mfupa mweupe wa dome, ule unaookotwa ufukweni baada ya bahari kuchafuka. Uchemshe, uukaushe, uufunge kwa waya wa stenlesi. Huo ndio chokaa wao, na unanoa mdomo pia. Mchanga na kokoto hawahitaji, kwani hubambua ganda la mbegu kabla ya kumeza.

Chini ya kizimba nitandaze nini?

Gazeti. Ni safi, ni rahisi, na linakuonyesha kinyesi vizuri. Kinyesi ndicho kinachokwambia mapema kwamba ndege hayuko sawa. Unga wa mbao una vumbi na huota ukungu kwenye unyevu wetu. Trei ya kuvuta iwepo, na juu yake wavu wa kuwazuia wasishuke kuokota mbegu zilizochafuka.

Sisimizi, siafu na panya nawazuiaje?

Kizimba kikae kwenye stendi yenye miguu minne, na kila mguu uingie kwenye kopo lenye maji na tone la mafuta, kama bibi zetu walivyoweka kabati la chakula. Hakikisha stendi haigusi pazia wala ukuta, la sivyo makopo hayana kazi. Kikitundikwa, paka grisi juu kabisa ya mnyororo, ambapo ndege hawafiki.

Kwa walio Kilimanjaro, Arusha, Kenya ya kati na popote penye siafu, jambo hili si la kuahirisha. Siafu wakipata njia usiku, ndege aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Panya nao hufuata mbegu, kwa hiyo fagia chini kabla ya kulala, kila siku.

Wamejifungulia mlango. Wamewezaje?

Milango ya kunyanyua juu wanaiweza baada ya siku mbili tatu. Mmoja hunyanyua kwa mdomo, hujibana chini yake, hutoka. Mlango ukimshukia vibaya unambana shingo. Taka mlango wenye bawaba na komeo la kuzungusha, au funga kila mlango kwa klipu ya chuma, na usisahau vile vimlango vidogo vya vyombo. Mlango mkubwa uwe wa kutosha kuingiza mkono wako na bakuli pamoja.

Lazima wawe wawili? Naweza kuwachanganya na ndege wengine?

Wawili ni bora. Mmoja anaweza kuishi vizuri ikiwa kweli una saa kadhaa za kukaa naye kila siku, na watu wengi hawana. Watatu ni balaa: wawili wataungana, wa tatu atapigwa.

Usiwachanganye na chiriku, kasuku wa Australia wala ndege mwingine mdogo. Cherero huuma miguu, na huuma kukata. Hata wao kwa wao, usimtie mgeni kwenye kizimba cha mwenyeji. Weka vizimba viwili sambamba, sentimita 10 hivi kati yake, mpaka uone wanalala wakielekeana. Kisha wahamishie wote wawili kwenye kizimba ambacho si cha yeyote, au panga upya vijiti na vyombo vyote ili mwenyeji asitambue mahali pake.

Dume na jike huwezi kuwatofautisha kwa macho katika aina hizi tatu. Akikwambia muuzaji "hii ni jozi kamili", muulize amejuaje.

Usiku niwafunike?

Wanahitaji saa 10 hadi 12 za giza na utulivu. Kama kizimba kiko sebuleni na televisheni inakesha, funika pande tatu kwa kanga nyepesi, upande wa ukuta uache upumue. Blanketi hapana. Ndege wakishtuka gizani hurukaruka na kujigonga, hivyo taa ndogo hafifu ya mbali inasaidia.

Kusafisha ni mara ngapi?

Gazeti kila siku, vyombo kila siku, vijiti na trei kila wiki. Mara moja kwa mwezi hamisha ndege, toa kila kitu nje, osha kwa sabuni kwanza, kisha dawa ya klorini ya kufulia: kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji. Suuza mpaka harufu iishe, kausha juani. Usichanganye klorini na siki, hutoa gesi ya sumu kwako na kwao.

Lowesha kinyesi kikavu kabla ya kukikwangua, na funika pua. Kasuku wa aina zote wanaweza kumwambukiza mtu homa ya kasuku kupitia vumbi hilo. Ukipata homa na kikohozi kisichoisha, mwambie daktari kwamba unafuga ndege.

Ndege mpya aingie moja kwa moja?

Hapana. Siku 30 kwenye kizimba kidogo cha pembeni, chumba kingine, na umhudumie wa mwisho baada ya wale wa zamani.

Kwetu wanaruka ovyo. Naweza kukamata wawili niwaweke kizimbani?

Tafadhali usifanye hivyo. Miaka ya 1980 cherero wa Fischer alikuwa miongoni mwa ndege waliotegwa porini na kusafirishwa nje kwa wingi mno, na idadi yake porini ilishuka kwa sababu hiyo. Yeye na kichwa-cheusi wako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Umoja wa Ulaya ulifunga kuingiza ndege wa porini mwaka 2005, na Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Wale unaowaona Naivasha ni machotara wa Fischer na kichwa-cheusi waliotokana na ndege waliofugwa, na nao hawafai kukamatwa.

Nunua aliyezaliwa kizimbani, na kabla ya kutoa pesa uliza kibali kwenye mamlaka ya wanyamapori: TAWA kwa Tanzania, KWS kwa Kenya. Aliyetegwa porini utamtambua kwa namna anavyojirusha kwenye waya kila mtu anapopita. Hata kizimba cha mita na kumi hakimtoshi huyo.

Siku ya kwanza nifanye nini?

Andaa kila kitu kabla hawajafika: vijiti, maji, chakula kile kile walichokuwa wakila, na kingine kidogo utawanye chini kwenye trei, kwa sababu wengine wakiwa na hofu hawakumbuki kwamba chombo kiko juu. Weka mdomo wa boksi kwenye mlango wa kizimba, fungua, kisha rudi nyuma. Usiwatoe kwa mkono. Kaa mbali kidogo, fanya shughuli zako, zungumza kwa sauti ya kawaida ili waizoee. Watabanana kwenye pembe saa ya kwanza, pengine mpaka jioni. Kisha mmoja ataufikia ule mpera, ataung'ata gome, na utaona kipande cha kwanza kikidondoka kwenye gazeti.